Karani Asiyeapa: Mahakama Mtandao na Mwananchi Asiye na Simu



Naomba nianzie kwenye kibanda cha steshenari. Karibu na mahakama nyingi za Tanzania, hatua chache kutoka getini, utakikuta. Mashine ya fotokopi, kompyuta moja au mbili, kijana mwenye haraka, na watu walioshika bahasha za kaki wakingoja zamu. Kazi yangu ya msaada wa kisheria imenikalisha kwenye mabenchi ya vibanda hivyo mara nyingi, lakini iko asubuhi moja ambayo hainitoki. Alikuja mama mmoja, mtu wa miaka kama sitini, aliyekuwa ameshindwa shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Shamba na nyumba vilikuwa vimebaki mikononi mwa shemeji yake. Sheria ilimpa siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na siku hiyo zilikuwa zimesalia nne.

Kijana akamwomba namba ya simu. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa kikaratasi chenye namba ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kijana akaipiga, haipatikani. Akauliza barua pepe. Mama akamtazama tu. Basi yule kijana, kwa nia njema kabisa, akajaza namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, akapandisha nyaraka, akapokea shilingi 15,000, akasema, "Mama, nenda kapumzike nyumbani. Wakikuita nitakupigia."

Hakuwa na namba ya kumpigia.

Tarehe ya kusikilizwa ilipopangwa, ujumbe ulikwenda kwa kijana, naye alikwishaacha kibanda na kwenda mji mwingine kuuza vipuri vya bodaboda. Rufaa ikaitwa mara ya kwanza, mrufani hayupo. Ikaitwa mara ya pili, hayupo. Ikafutwa. Mama alijua habari hiyo siku shemeji alipofika shambani na watu wa kupima. Rufaa tulikuja kuirejesha, maana hakimu alikuwa msikivu na maelezo yalijitosheleza, ila ilituchukua miezi saba, na katika miezi hiyo saba mihogo ya mama ilivunwa na mtu mwingine.

Nimekitafakari kisa hiki nikimtafuta mkosaji, na sijampata. Kijana alisaidia. Hakimu alifuata sheria. Mfumo ulituma ujumbe kama ulivyoagizwa. Nilichokipata ni kazi iliyohama bila mtu kuiaga. Zamani kazi ya kumpokea mwenye shauri, kumsikiliza, kuyaandika maneno yake na kuhakikisha anaijua tarehe yake ilikuwa ya karani: mtumishi wa umma aliyeapa, anayelipwa mshahara na serikali, anayewajibika kwa hakimu. Tulipoingia mahakama mtandao tulidhani kazi hiyo imekwisha, kwamba kila mtu atajihudumia mwenyewe. Haikuisha. Ilivuka barabara ikaingia kwenye kibanda cha steshenari, kwa karani ambaye hajaapa, asiyesimamiwa na yeyote, na anayejipangia bei. Asiyemhitaji karani huyo ni mwenye kompyuta, mwenye elimu, au mwenye wakili. Anayemhitaji ni maskini, mzee, mjane, asiyeona, asiyejua kusoma. Kwa hiyo gharama ya maendeleo yetu tumewatwisha wao.

Wengi hufikiri Mahakama ya Mwanzo ni ngazi ya kupitia tu, mahali pa kesi za kuku na mipaka ya viwanja. Mimi nasema ndiyo mahakama yetu yenye hekima kuliko zote katika jambo hili moja. Kanuni za mwenendo wa madai katika Mahakama za Mwanzo, zilizotungwa 1964, zinamruhusu mwananchi kufungua madai yake kwa kinywa. Anafika, anaeleza, maelezo yanaandikwa, anayathibitisha kwa sahihi au kwa dole gumba. Mwaka 1964 watunga kanuni walijua wanatungia watu gani. Walijua wengi hawajapita shule, wakaamua kwamba kutojua kuandika hakutamnyima mtu hakimu. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa, nao ulifanywa katika nchi isiyokuwa na fedha wala majengo. Leo tuna majengo na mitambo. Itakuwa aibu kubwa kama tutampa mwananchi wa leo kidogo kuliko alichopewa babu yake.

Sitaki mnielewe kwamba natamani turudi nyuma. Nimeziona masijala za zamani. Nimeona majalada yaliyofungwa kwa kamba yakiliwa na mchwa. Nimemsikia karani akimwambia mtu aliyetembea kilomita 20, "Faili halionekani, njoo wiki ijayo," huku faili liko chini ya kiwiko chake, likisubiri chai. Kanuni za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki zilizotoka 2018 ziliupiga mchezo huo pigo zito, kwa sababu shauri lililoingia kwenye mfumo halifichiki chini ya kiwiko. Mwaka 2021 zikaja kanuni za kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao. Mwaka huohuo Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, jambo tulilolililia tangu uhuru. Wenzetu wa Kenya walianza kupokea nyaraka kwa mtandao jijini Nairobi Julai 2020, wakati ugonjwa wa korona umefunga milango ya mahakama, na 2024 wakausambaza mfumo nchi nzima. Haya ni mema, na waliohangaika nayo wanastahili shukrani. Mimi nadai tu kwamba mema hayo yamfikie na yule mama wa kikaratasi.

Tuitazame simu kwanza, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoanguka. Mfumo unaamini kwamba namba ya simu ni mtu. Sisi tunaoishi huku tunajua sivyo. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na asiyekuwa na kitambulisho husajiliwa na mwingine. Kuna mke anayetumia laini yenye jina la mume. Sasa fikirieni mke huyo anafungua shauri la talaka au la matunzo ya watoto, na ujumbe wa mahakama unaingia kwenye simu ambayo mume huishika jioni na kuisoma. Kuna nyumba zenye simu moja, kiswaswadu, inayochajiwa dukani kwa zamu. Kuna wafugaji wanaohama na mifugo wakakaa wiki nzima pasipo mtandao. Kwa watu wote hawa mfumo utaandika kwamba taarifa imetumwa, nalo litakuwa neno la kweli. Ila sheria haijawahi kuridhika na taarifa kutumwa. Inataka mtu awe amejua. Ndiyo maana zamani mpeleka wito alirudi na sahihi ya aliyepokea, au na maelezo ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba mtu huyo hakuonekana.

Ningependa kanuni zetu ziseme waziwazi kwamba shauri la mtu asiye na wakili halitafutwa kwa kutohudhuria mpaka mahakama iwe imethibitisha, kwa mtu na si kwa mashine, kwamba tarehe ilimfikia. Wapo wanaoniambia hilo litachelewesha mashauri. Nimelipima. Simu moja kwa mtendaji wa kijiji inachukua dakika tano. Kurejesha rufaa iliyofutwa kulituchukua miezi saba, na kila siku ya miezi hiyo ni muda wa mahakama ileile iliyotaka kuokoa muda.

Halafu kuna saa. Kanuni za 2018 zinahesabu kwamba waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, umeingia siku hiyo. Kwa wakili mwenye intaneti ofisini huu ni ukarimu, maana ameongezewa saa nyingi baada ya masijala kufungwa. Kwa mama wa kijijini saa sita ya usiku haipo. Siku yake inakwisha gari la mwisho linapoondoka stendi. Mfumo ukikwama, zile kanuni zimeweka nafasi ya kumweleza msajili hitilafu iliyotokea, lakini dirisha lake ni jembamba: hadi saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Nani atamwambia mama kwamba mtandao wa jana ulikuwa umekatika? Yeye alimwachia kijana bahasha, akapanda gari. Na ada je? Mtu asiye na uwezo anaruhusiwa kuomba asamehewe ada za mahakama. Ombi hilo linataka sikio. Panapotangulia kontroo namba kabla ya sikio, wengi hufunga bahasha yao wakarudi nyumbani, na hakuna jalada lolote litakaloonyesha kwamba walifika.

Katiba yetu, katika ibara ya 107A iliyoongezwa mwaka 2000, inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa mno na masharti ya kiufundi yanayoweza kuizuia haki. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inasema jambo lilelile. Mawakili tumezoea kuitumia ibara hiyo tukikosea kutaja kifungu. Nawaomba vijana mnaosoma sheria muipanue. Nenosiri lililosahaulika ni sharti la kiufundi. Waraka uliokataliwa kwa kuwa picha yake imezidi ukubwa ni sharti la kiufundi. Siku moja wakili kijana, pengine mmoja wenu, atasimama mbele ya Mahakama ya Rufani akaijenga hoja hiyo kwa ajili ya mtu asiyemlipa.

Sasa niingie kwenye chumba cha video. Mahabusu anaposikilizwa akiwa gerezani, karandinga halitoki, mafuta yanaokolewa, askari wa kusindikiza wanabaki kwenye kazi nyingine, na mahabusu mwenyewe haahirishiwi shauri kwa sababu gari ni bovu. Faida hizi nazijua, na mahabusu wenyewe wamenieleza. Lakini kuna jambo lililotokea Marekani ambalo kila hakimu wetu angepaswa kulijua. Katika kaunti ya Cook, penye jiji la Chicago, kuanzia 1999 washitakiwa wa makosa mengi makubwa walikuwa wakipangiwa dhamana kwa televisheni: hakimu mahakamani, mshitakiwa chumba kingine, mbele ya kamera. Watafiti wakaja kupitia kumbukumbu za miaka kabla na baada ya mabadiliko hayo. Katika makosa yaliyohamishiwa kwenye televisheni, wastani wa kiasi cha dhamana ulipanda kwa asilimia 51. Kwa makosa ambayo washitakiwa wake waliendelea kuletwa ana kwa ana, kama mauaji, hakukuonekana badiliko la namna hiyo. Sheria ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba hakimu alikuwa akitazama sura ndogo isiyo na rangi nzuri, ya mtu asiyejua atazame wapi. Mwishoni mwa 2008 kaunti ikarudisha washitakiwa mbele ya mahakimu.

Mimi naielewa hali hiyo. Mtu akiwa amesimama mbele yako unamwona anavyotetemeka, unaona kiatu kimechanika, unaona mkono aliouficha nyuma kwa sababu umevimba. Kwenye skrini unaona kichwa na mabega. Pia huoni nani amesimama nyuma ya kamera. Mshitakiwa anayetaka kusema kwamba alipigwa kituoni atasemaje, na askari yuko chumba kilekile naye? Atamnong'oneza wakili wake kwa njia gani, ikiwa kila neno linatoka kwenye spika? Video kwa kutajwa na kuahirishwa, sawa. Kwa dhamana, kwa kukiri kosa, kwa ushahidi unaobishaniwa, mshitakiwa aulizwe kwanza anataka njia gani, na jibu lake liandikwe kwenye mwenendo wa shauri.

Viziwi wamenifundisha jambo ambalo sikulijua. Nilidhani video ni neema kwao, maana lugha yao ni ya macho. Siku moja nilikaa kando ya kiziwi aliyekuwa anafuatilia shauri lake kwa njia ya mtandao, mkalimani akiwa amewekwa kwenye kisanduku cha ukubwa wa stempu pembeni ya skrini. Mtandao ulipopungua nguvu, mkono wa mkalimani uliganda hewani katikati ya alama. Sisi tunaosikia tulipokea sauti bila shida. Yeye alipoteza sentensi nzima, na hakimu hakuwa na habari. Katika Lugha ya Alama nyusi zinauliza, midomo inakanusha, mabega yanaonyesha nani anasema. Picha ikififia, ni kama mtu amekuziba masikio. Katiba ya Kenya inampa mshitakiwa mkalimani bila malipo na inataja haki ya kutumia Lugha ya Alama na maandishi ya Breli. Tanzania tuna sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa tulioridhia unataka watu hao wapate haki sawa na wengine. Ukitaka kujua kama tumetimiza, chukua hukumu iliyopigwa muhuri, ikapigwa picha, ikapandishwa mtandaoni. Asiyeona ana programu kwenye simu inayomsomea maandishi kwa sauti. Programu hiyo ikifika kwenye picha ya karatasi inanyamaza. Mtu ameshinda kesi na hawezi kuisoma hukumu yake, wakati maandishi yenyewe yamo kwenye kompyuta ya aliyeichapa. Kulitengeneza hilo hakuhitaji mkopo wa benki yoyote.

Nitaligusa kwa ufupi suala la mashine zinazosikiliza maneno mahakamani na kuyaandika. Zinakuja, na zitampunguzia hakimu mzigo mzito wa kuandika kwa mkono. Hofu yangu iko kwa shahidi mzee wa Kibarbaigi au wa Kisukuma anayesema Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, meno yamepungua, anataja majina ya mito na koo. Jaji wa rufaa hatamwona mzee huyo. Ataona maandishi tu. Basi kabla maandishi hayajawa mwenendo rasmi, shahidi asomewe maneno yake kwa lugha anayoielewa na ayakubali. Ni lile dole gumba la 1964, nami naliombea liendelee kuishi.

Tuna mahali pa kuanzia. Mwaka 2019 Mahakama ya Tanzania ilizindua mahakama inayotembea, magari yaliyoandaliwa kuwa chumba cha mahakama, yakaanza kazi Dar es Salaam na Mwanza. Hilo ni wazo sahihi kabisa, kwa kuwa mtambo ndio unaosafiri na mwananchi anabaki kwao. Temeke kuna kituo jumuishi cha mashauri ya ndoa na mirathi, ambako mjane anaweza kukuta mahakama na huduma nyingine chini ya paa moja. India wameweka kwenye majengo ya mahakama vituo wanavyoviita e-Sewa Kendra, ambavyo kazi yake ni kumpokea asiye na kompyuta na kumfungulia shauri. Na sisi tuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wapo kwenye kata, wanajulikana kwa majina, wanajua njia ya kila nyumba. Wapewe akaunti kwenye mfumo, wafundishwe, waape, walipwe nauli. Kila mahakama ya wilaya iwe na dawati moja lenye mtu ambaye kazi yake ni kuandika anachosema mwananchi, bure, na kumkabidhi tarehe yake kwenye karatasi. Msiidharau karatasi. Rufaa ya yule mama iliporejeshwa, mimi nilimwonyesha kwa furaha ujumbe wa tarehe mpya kwenye simu yangu. Aliutazama kwa adabu, kisha akamgeukia karani na kumwomba amwandikie. Karani akachana nusu ya karatasi, akaandika siku, saa na namba ya chumba, akampa. Mama akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Siku ya rufaa nilifika saa mbili na nusu asubuhi nikamkuta ameshakaa kwenye benchi la nje.

Ombi langu la mwisho naliwaelekeza wanaosimamia mifumo hii, na najua baadhi yenu mko hapa. Kila mwaka tunaelezwa mashauri mangapi yamesajiliwa na mangapi yamemalizika. Naomba mtueleze na mangapi yalianzwa kujazwa yasikamilike, katika wilaya gani, na yalikwamia ukurasa upi: ni kwenye kitambulisho, kwenye barua pepe, au kwenye malipo? Mtueleze pia mangapi yalifutwa kwa kutohudhuria, na kati ya hayo, namba moja ya simu imejirudia kwenye mashauri ya watu wangapi tofauti. Mkianza na hizo namba zinazojirudia, mtavijua vibanda vyote.